Barua Tatu Alizochana Dagaa

Neema alivitandaza vile vipande juu ya meza ya jikoni, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Vingine vilikuwa bado vimelowa mate. Kimoja kilisomeka "mtoto wetu". Kingine, "wiki sita". Kimoja kilikuwa na neno "tafadhali" lililopigiwa mstari mara mbili, na mstari wa pili ulikandamizwa hadi kalamu ikatoboa karatasi. Kipande cha chini kabisa, palipokuwa na jina la mwandishi, hatukukipata. Ila mwandiko tuliujua. Ulikuwa ule ule wa kadi ya Krismasi iliyotoka nyumba ya kulia, ile tunayochangia nayo ukuta.

"Mama," Neema akasema, sauti imemshuka, "si ya kwanza hii." Akafungua kiganja, akanionyesha kipande alichokuwa amekificha: "barua yangu ya tatu".

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, viatu bado mguuni. Nikaketi. Dagaa alikuwa chini ya kiti changu, kona ya bahasha ikining'inia mdomoni, mkia unacheza. Umri wake miezi saba, uzito haujafika kilo tatu. Nikamtazama, nikautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza nikafikiria upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa kukoje muda wote huo.

Sisi ni watu wa Muheza. Kwa miaka tisa sasa tunaishi Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, kwenye safu ya nyumba za mawe zilizojengwa enzi za viwanda vya sufu. Nyumba zenyewe zimebanana kama meno: jirani akikohoa tunasikia. Mimi nahudumia wazee usiku, Baba Tumaini anaendesha basi. Mlango wetu wa mbele ulikuwa na tundu la barua, bamba la shaba lililo juu kidogo ya goti, linalosukumwa kutoka nje na kuziachia barua zidondoke kwenye mkeka wa sebuleni. Nalieleza tundu hili mapema kwa sababu mkasa wote umepitia humo.

Neema aliomba mbwa kwa miaka miwili. Baba yake hakutaka kusikia. "Mbwa alale ndani? Kwetu mbwa analala uani, anakula makombo, analinda." Mwisho alikubali kwenda kutazama tu, kwa mama mmoja anayezalisha teria wa Yorkshire kijijini, kwenye bonde la mto Colne. Sheria ya England hairuhusu kitoto cha mbwa kiuzwe kabla ya wiki nane, na tangu 2020 muuzaji lazima awe yule yule aliyekizalisha, na mnunuzi akione kikiwa pamoja na mama yake. Kwa hiyo mama mbwa tulimwona. Alibweka tangu tulipogusa lango. Mwenyewe akatoka, akatutazama, akainama, akamwekea mbwa kiganja mgongoni na kumwambia maneno mawili kwa sauti ya chini. Mbwa akanyamaza, akarudi kwa wanawe. Jambo hilo lilichukua sekunde tano, nami sikulitilia maanani.

Kitoto tulichochukua kilikuwa cheusi, na juu ya macho na miguuni kina rangi ya kahawia. Wote huzaliwa hivyo. Ile rangi ya chuma inayoelekea samawati, inayowapa sifa wakubwa, huja taratibu kwa miaka miwili hata mitatu. Kilienea ndani ya kofia ya Baba Tumaini. "Huyu ni dagaa," akasema, akakifunika kwa mkono kisipigwe na upepo. Habari ya kulala uani hakuizungumza tena.

Wiki sita za mwanzo hakubweka kabisa. Nilimpigia dada yangu aliye Tanga nikamsifu mbwa wetu kwa adabu. Sikujua kwamba kitoto kigeni hunyamaza kwa sababu bado kinasoma nyumba. Sauti ilimjia mwezi wa tano wa umri wake, wakati meno mapya yanasukuma ya utotoni. Kwa mbwa wa aina hii meno ya utotoni mara nyingi hugoma kutoka, na wa kwetu daktari wa wanyama alilazimika kumng'oa mawili. Siku moja mtu wa posta alisukuma bamba la shaba kama kawaida, na kutoka kwenye mkeka ikapanda sauti kali, nyembamba, kama ya kisu kwenye sahani. Dagaa mwenyewe alishtuka, akatazama nyuma kuona ni nani aliyebweka.

Tangu siku hiyo hapakuwa na amani. Mtu wa posta hupita saa tano kasorobo asubuhi. Mimi wakati huo ndiyo kwanza nimelala. Ukilitazama jambo kwa macho ya Dagaa, mantiki yake haina kasoro: mgeni anakuja bila hodi, anaingiza vidole ndani ya nyumba ya watu, Dagaa anabweka, mgeni anaondoka. Kesho yake tena. Kila siku anamfukuza, na kila siku ushindi unamfundisha kubweka zaidi. Kisha akaongeza gari la taka. Akaongeza watoto wanaotoka shule, mwavuli unaofunguliwa, paka wa mtaa wa nyuma, mlango wa gari, kengele ya kwenye televisheni, na kivuli chake mwenyewe kwenye kioo cha jiko la kuokea. Jioni sote tukiwa mezani alibweka kuomba chakula, na hiyo ilikuwa sauti nyingine, fupi fupi, yenye madai. Usiku, kabla ya kulala, alikimbia huku na huko akibweka bila sababu yoyote tuliyoiona.

Tumaini, mwanangu wa kwanza, ana miaka 13 na anapenda kujua mambo yalikotoka. Ndiye aliyetueleza kwamba tulikuwa tunaishi na mzaliwa wa mji huu huu. Katikati ya karne ya 19 wafumaji wa Scotland walihamia Yorkshire kutafuta kazi viwandani, wakaja na mbwa wao wadogo. Hapa wakachanganywa na wengine, na kazi waliyopewa ilikuwa panya: panya wa kwenye marobota ya sufu, panya wa machimbo ya makaa. Mwaka 1865 hapa Huddersfield akazaliwa dume aliyekuja kuitwa Huddersfield Ben. Mmiliki wake, Bi Mary Ann Foster wa Bradford, alimpeleka kwenye maonyesho, akazoa zawadi, na kwenye mashindano ya kuua panya pia alitamba. Alikufa mwaka 1871, amegongwa na gari la farasi, akiwa na miaka sita tu, lakini wanawe walikwisha kuenea. Yeye ndiye anayehesabiwa baba wa aina nzima. Watu waliozoea kuwaona teria hawa na utepe kichwani, wakibebwa kwenye mikoba, husahau kwamba walifugwa na watu maskini waliohitaji mbwa mwepesi kustuka, asiyeogopa kuingia shimoni, na mwenye sauti ya kumwita mwenyewe pale alipokiona kitu.

Tumaini alitusomea pia habari za Smoky, jike la kilo mbili kasoro lililookotwa kwenye handaki New Guinea mwaka 1944, wakati wa vita, likachukuliwa na askari wa Marekani aitwaye Bill Wynne. Huko Lingayen, Ufilipino, ilihitajika kupitisha waya wa simu chini ya uwanja wa ndege, ndani ya bomba la mita 21 ambalo upana wake ni sentimita 20. Walimfunga Smoky uzi kwenye mkanda wa shingoni, Wynne akaenda upande wa pili wa bomba, akapiga magoti, akamwita. Akawa anamwita hadi akatokeza. Hadithi hiyo niliisikia nikiwa nakata mboga, nikasema ni nzuri, nikaendelea na mboga zangu.

Makosa yetu yalikuwa mengi, na nayataja kwa sababu Dagaa ndiye aliyeyalipia. Tulipiga kelele. Yeye akibweka sebuleni, mimi napaza sauti kutoka kitandani, "Nyamaza!" Baba Tumaini kutoka jikoni, "Wee Dagaa!" Watoto kutoka ghorofani, kila mmoja na lake. Sisi tulidhani tunamkataza. Yeye alisikia ukoo mzima unabweka pamoja naye, akapata nguvu. Tulimnyunyizia maji, akajifunza kuiogopa chupa ya maua. Kosa la tatu linaniuma hadi leo: tulikuwa tunamvuta kwa mkanda wa shingoni kila alipowabwekea watu njiani, mpaka akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kama bata. Daktari alitueleza kwamba koo la hewa la mbwa hawa ni laini, pete zake hulegea kirahisi, na mkanda wa shingoni ukivutwa mara kwa mara unaliumiza. Tulinunua mkanda wa kifuani siku hiyo hiyo. Neema aliuchukua ule wa shingoni akautupa kwenye pipa la nje, kisha akasimama hapo mvuani mpaka nikamfuata.

Tarehe 5 Novemba Waingereza hurusha fataki. Nilikuwa kazini. Baba Tumaini aliniambia baadaye kwamba Dagaa alijipenyeza nyuma ya mashine ya kufulia, akabweka saa tatu mfululizo hadi sauti ikakatika ikabaki pumzi tu, na mdomo bado ukifunguka na kufumba. Baba Tumaini, aliyesema mbwa alale uani, alikaa sakafuni pale jikoni mpaka saa saba ya usiku, mkono wake nyuma ya mashine.

Siku nne baadaye ndipo tukaviunganisha vipande vya barua.

Sikulala asubuhi ile. Nilikanda unga, nikachoma maandazi ya iliki, nikayafunika kwa kitambaa, nikaenda kupiga hodi nyumba ya kulia. Kwa miaka yote tuliyokaa hapo tulikuwa majirani wa kupungiana mkono. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, kitoto kichanga begani, kitambaa cha maziwa shingoni. Nikamwambia barua zake zililiwa na mbwa, kwamba moja tu tumeisoma, nayo nusu, na kwamba nimekuja kusikia zote tatu kwa mdomo wake. Midomo yake ilitetemeka. Alikuwa ametuona watu wenye kiburi, wanaopokea barua ya mzazi na kukaa kimya. Mtoto wake, akasema, husinzia kila siku saa nne na nusu. Robo saa baadaye Dagaa anamwamsha, na kumrudisha usingizini ni kazi ya saa nzima.

Mumewe akatoka na daftari. Sheria ya mazingira ya mwaka 1990 inaipa halmashauri uwezo wa kutoa amri dhidi ya kelele zinazokera, na anayelalamika hutakiwa kuandika kumbukumbu. Yeye alikuwa ameanza kuandika, ila mkewe alimzuia kuipeleka mpaka ajaribu barua ya tatu. Kurasa kumi na moja: siku, saa, dakika alizobweka. Niliona aibu kubwa, kisha nikaona kitu kingine. Nikaomba kwa heshima waniazime lile daftari kwa usiku mmoja.

Hakuna aliyewahi kumsikiliza Dagaa kama yule baba. Mimi na Tumaini tulilikalia daftari jikoni. Jumapili, siku ambayo posta haipiti, mbweko zilikuwa chache asubuhi nzima. Jumatatu hadi Jumamosi, saa tano kasorobo, dakika kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano. Baada ya posta alikuwa kama aliyewashwa: kila kilichopita dirishani hadi mchana kilibwekewa. Kelele za usiku zilikuja siku zile tu ambazo watoto walicheza naye jioni nzima bila kumwacha alale. Zilikuwa za mtoto aliyechoka, na mbwa mchanga anahitaji kulala zaidi ya nusu ya siku.

Nikamkumbuka baba yangu. Muheza tulikuwa na mbwa mwekundu aliyeitwa Hawapendi. Usiku Hawapendi akibweka, baba hakumkemea hata siku moja. Aliamka, akachukua kurunzi, akafungua dirisha, akamulika migombani, akauliza, "Ni nani huko?" Kisha akamwambia mbwa, "Haya, nimeona." Hawapendi akalala. Wakati mwingine baba alikuwa amechoka, akakohoa tu kutoka kitandani, na kikohozi kilitosha. Nikamkumbuka mama yule wa bonde la Colne na kiganja chake, na Wynne kwenye mdomo wa bomba. Mbwa wetu alikuwa anapiga hodi kwa niaba ya wageni wasiopiga hodi, na kwa miezi miwili hakuna mtu aliyemwitikia. Tulimjibu kwa matusi na maji.

Baba Tumaini aliliziba tundu la barua kwa ubao na kupigilia sanduku la barua ukutani, nje. Vioo vya chini vya dirisha tukavibandika karatasi ya ukungu, mwanga uingie na mtaa usionekane. Chakula cha asubuhi tukawa tunakimwaga kwenye majani ya uani, punje kwa punje, akitafute kwa pua, kwa sababu pua yake ilizaliwa kufanya kazi na sisi tulikuwa tumeiacha bure. Mchana alipelekwa kulala jikoni, mlango umefungwa, awe anataka au hataki. Ile mbweko ya kuomba chakula mezani hatukuijibu kabisa. Siku nne za kwanza ilizidi, akabweka mpaka akapanda juu ya miguu yetu. Neema akalia akisema tunamtesa. Siku ya tano akajaribu mara mbili, akaenda kujilaza.

Kazi kubwa ilikuwa mlangoni. Dagaa akibweka, aliye karibu anakwenda hadi mlangoni, hata kama anajua ni upepo. Anatazama. Anasema kwa sauti ya kawaida, "Asante, Dagaa, nimeona." Anageuka, anamwita hadi kwenye mkeka wake jikoni, na hapo anaangusha kipande cha kuku wa kuchemsha. Kwa wiki tatu niliweka saa iniamshe saa nne na dakika thelathini na tano, nikateremka ngazi nimejifunga khanga, nikasimama nyuma ya mlango kumsubiri mtu wa posta pamoja na mbwa. Mwili ulinisihi nisiamke. Niliamka, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mama mwenye kichanga, nami najua maana ya kichanga kuamshwa.

Jumamosi moja ya manyunyu yule jirani, baba wa kichanga, alijitolea. Alisimama nje na kofia yake, akagonga sanduku la barua, akaondoka hatua kumi, akarudi, akagonga tena. Mara ishirini. Ndani Tumaini aliitikia kila mara: "Asante, nimeona." Mara ya kumi na saba Dagaa alinguruma kidogo tu, akamtazama Tumaini, akakimbilia mkeka kabla hajaitwa. Tumaini akafungua mlango kumpa habari yule baba, na wakakumbatiana mvuani.

Haikunyooka moja kwa moja. Krismasi wageni walijaa, Dagaa akarudi nyuma wiki nzima. Hata sasa anabweka, na simwombi aache. Teria asiyetoa habari ya mlangoni ni mgonjwa au amevunjwa moyo. Ila sasa hubweka mara mbili, mara tatu, kisha hugeuza kichwa kutafuta sauti yetu. Daftari alibaki nalo yule baba, na aliendelea kuliandika, safari hii kwa ajili yetu. Wiki ya kwanza ya Februari dakika zote za Dagaa, kwa siku sita, hazikufika tano.

Siku moja jirani aliniuliza hilo neno tunalosema mchana kutwa lina maana gani, maana ukuta humletea. Nikamweleza.

Mwezi wa tatu nilipata mafua mabaya. Nilirudi kutoka kazini natetemeka, nikalala kitandani, Dagaa miguuni. Saa tano kasorobo sanduku la nje likalia. Dagaa akanyanyuka, akabweka mara mbili, akanitazama. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akabweka tena, akangoja. Nilijaribu kuinua mkono kutoka kwenye blanketi, nikashindwa hata hilo.

Ndipo kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ya chini ya mtu aliyepakata mtoto, nikasikia: "Asante, Dagaa."

Aliugeukia ukuta. Masikio yake yalisimama, kichwa kikalala upande. Kisha akazunguka mara moja juu ya blanketi, akajikunja nyuma ya magoti yangu.

"Nimeona," jirani akamalizia.